Ujiji na Kwihara: kabla ya kuandika mpango mkakati, tuamue kwanza makumbusho yanasimulia habari ya nani

Mpagazi Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kwa wasionijua: kazi yangu ni kusaidia makumbusho madogo ya historia kupanga upya maonesho yao na kuandika mipango mkakati. Nimezaliwa Tabora, nimeoa Kigoma, kwa hiyo haya ninayoyasema nina maslahi nayo, sifichi.

Karibu kila ninapoitwa, kikao huanza na ombi lile lile: tunataka mpango mkakati wa miaka mitano. Ukiuliza ndani kuwe na nini unatajiwa uzio, geti, choo cha wageni, mgahawa, gari. Vyote vinahitajika, choo hasa. Lakini ukiuliza, mgeni akishatoka hapa akamhadithie nini mkewe nyumbani, watu wanatazamana. Halafu mmoja anainua macho na kusoma dhima iliyobandikwa ukutani: kuhifadhi, kutafiti na kuelimisha umma. Dhima hiyo ukiipeleka chuo cha nyuki hapa Tabora inawafaa vilevile bila kubadili hata nukta.

Tuchukue Ujiji. Mgeni anakuta mnara wenye ramani ya Afrika, miembe, na ndani sanamu za Wazungu wawili wakivuliana kofia. Habari yote inabebwa na swali moja, "Dokta Livingstone, nadhani?", ambalo Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alisema alimuuliza Livingstone, mmisionari na msafiri, mwaka 1871. Na hilo swali lenyewe lina mushkeli, maana kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu siku ile zilichanwa. Tarehe nayo ina ubishi: Stanley kasema 10 Novemba, hesabu za Livingstone zinaangukia mwishoni mwa Oktoba.

Sasa hebu tuache hao wawili, tuangalie waliokuwepo pale uani. Mtu wa kwanza kumsalimia Stanley hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kwenda kumpokea njiani, akamsalimia kwa Kiingereza. Upande wa Stanley alikuwepo Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani akafika hadi India, na ambaye Ujiji ilikuwa si ngeni kwake kwa sababu alishafika na wasafiri Wazungu Burton na Speke mwaka 1858. Yaani kwenye msafara ule uliokuja "kugundua" mtu, nahodha alikuwa anarudi mahali anapopajua. Jikoni alikuwepo Halima, mpishi. Stanley mwenyewe ameandika kwamba Halima alikuwa akichungulia kutoka jikoni kuhakikisha kama kweli Wazungu wawili wamekaa barazani. Na chakula cha mchana ule kilitoka kwa majirani: Muhammad bin Sali alileta kuku wa mchuzi, Mwinyi Kheri nyama ya mbuzi na wali, Sayd bin Majid vitu vya nyama ya kukatakata, nahisi kababu. Watu wa Ujiji waliwalisha wageni. Hiyo ndiyo habari, na iko kwenye kitabu cha huyo huyo Stanley.

Hoja yangu ni moja. Ujiji, kule Kigoma, na Kwihara, karibu na Tabora, ni vituo vya njia ya kati, Bagamoyo hadi Ziwa Tanganyika, kilometa kama 1,200. Njia ile ilitembezwa na wapagazi, viongozi wa misafara, wapishi, wanawake waliofuatana na waume zao, na watu waliotekwa wakafungwa minyororo. Wazungu wawili walikuwa abiria wa njia hiyo. Makumbusho yakikubali kwamba habari kuu ni ya njia na waliobeba, basi mpango mkakati unajua pa kuanzia: nani aajiriwe, nini kinunuliwe, shule zipi zialikwe, bajeti iende wapi. Yasipokubali, mtajenga geti zuri sana la kuingilia kwenye habari ile ile.

Na wenzetu wameshabadilika. Kule Blantyre, Uskoti, alikozaliwa Livingstone, walifunga makumbusho yao, wakatumia zaidi ya pauni milioni 9, wakafungua tena mwaka 2021. Siku hizi Susi, Chuma na Jacob Wainwright, watu wa msafara wa Livingstone, wana nafasi yao mle ndani, na suala la ukoloni linajadiliwa waziwazi. Kijiji cha Livingstone mwenyewe kimempunguza ukubwa, sisi huku bado tunamkuza!

Nawasilisha. Matusi weka pembeni, hoja leta.

---

Mgebuka77

Mkuu umeandika vizuri lakini unaongea kama mtu asiyelipa mishahara. Mtalii anayetoka Ulaya mpaka Kigoma, nusu amekuja kwa sokwe wa Gombe, nusu kwa Livingstone. Wa wapagazi hajazaliwa. Ukimwondolea Livingstone umemwondoa na yeye mwenyewe. Mimi nina boti Kibirizi, nabeba wageni, najua wanachouliza wakishuka.

---

Bint Kasimbu

Kaka Mpagazi, mwakeye. Nimesoma mara mbili. Mimi ni wa Ujiji kabisa, Kasimbu, na kuna kitu nyie mnaosoma vitabu hamkioni. Unasema habari ya waliobeba na waliofungwa minyororo. Sawa. Wajukuu wao ndio sisi. Na wajukuu wa waliowafunga ni majirani zetu, tumeoleana nao, tunazikana. Bibi yangu ukimuuliza wazee wake walitoka Manyema, kule Congo, kwa njia gani alikuwa anakuambia kawatazame kuku. Hakuwa amesahau.

Sasa ukiweka ukutani mnyororo na maandishi makubwa UTUMWA, halafu chini yake majina ya koo, umetuwashia moto mjini. Mgeni atapiga picha ataondoka na treni. Sisi tunabaki.

---

Kobe Mzee

Yaani uzi wa makumbusho umekuwa mtamu kuliko wa siasa. Nimekaa paleeee.

---

Mpagazi Mstaafu

Nianze na Mgebuka. Sijasema Livingstone afukuzwe. Nasema aingizwe ndani ya habari kubwa kuliko yeye, na humo anakuwa mtamu zaidi. Kwa mfano, kwa nini alikuwa Ujiji? Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba kule Congo, akaona watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake sokoni. Akarudi Ujiji mgonjwa, akakuta bidhaa zake aliyeachiwa dhamana kaziuza zote. Mtu mzima, hana kitambaa cha kununulia chakula, anaishi kwa ihsani ya mji. Mtalii wako wa Ulaya hilo halijui. Yeye anajua swali la Stanley tu, na swali hilo analo tayari kwenye simu yake, hahitaji kupanda boti yako kulifuata.

Na kuhusu wageni kukimbia: pale Louisiana, Marekani, kuna shamba la miwa la zamani liitwalo Whitney. Mashamba mengi ya jirani yanaonesha nyumba kubwa ya bwana, samani na nguo za harusi. Whitney lilipofunguliwa kama makumbusho mwaka 2014 liliamua ziara nzima iwe ya waliokuwa watumwa pale, majina yao yameandikwa kwenye kuta. Wageni wanakwenda, tena wanakwenda kwa sababu hiyo.

Dada wa Kasimbu, mwakeye nawe. Ulichosema ndicho kinachonikosesha usingizi kwenye kazi hii, na sina jibu la mkato. Ninalolijua ni kwamba majina ya koo hayawekwi na mshauri wala mhifadhi. Yanawekwa na wenyewe, au hayawekwi.

Cape Town kuna makumbusho ya District Six, yalifunguliwa mwaka 1994. Mtaa ule serikali ya ubaguzi iliuvunja na kuhamisha watu. Makumbusho walitandika sakafuni ramani kubwa ya mitaa, wakawaachia waliohamishwa waandike wenyewe: hapa palikuwa kwetu, hapa duka la fulani. Kukawa na vitambaa pia vya kuandikia. Hakuna mtaalamu aliyewaambia nani alikuwa nani. Mimi naiona Ujiji na ramani kama ile: Kasimbu, Kitongoni, Rusimbi, mpaka ufukweni. Anayetaka kuandika aandike, anayetaka kuwatazama kuku awatazame kuku. Bibi yako alikuwa na haki yake.

Lakini jambo moja tusichanganye, na hili linakosewa hata na waongozaji wazoefu. Si kila aliyebeba alikuwa mtumwa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa, kazi yao, fahari yao. Kijana alikuwa haonekani mwanamume mpaka afike pwani arudi. Mzigo wa frasila mbili, kama kilo 32, mabegani. Malipo kwa vitambaa, merikani na kaniki, na posho ya njiani. Mbung'o waliua punda na ng'ombe, kwa hiyo bila bega la mtu hakuna biashara. Na walijua thamani yao: posho ikipunguzwa wanatua mizigo, hawaendi. Bwana mkubwa mwenye bunduki anakaa juu ya sanduku anabembeleza. Mimi nikiwa na makumbusho yangu, sanamu ya kwanza mlangoni ingekuwa hiyo.

---

Mzaramo Asili

Kumbe mgomo mmeanza zamani, ndiyo maana hadi leo Mnyamwezi ukimpa kazi anauliza kwanza chakula saa ngapi.

---

Mpagazi Mstaafu

Mtani wangu umefika. Wazee husema utani wenu na sisi ulizaliwa njia hiyo hiyo, tulipokuwa tunashuka pwani mnatuuzia maji yenu. Nyamaza, bado mnadaiwa.

---

Mwalimu wa Isevya

Habari za kazi wote. Mimi nafundisha historia sekondari hapa Tabora na nimepeleka wanafunzi makumbusho zaidi ya moja, sitayataja.

Ziara huwa hivi. Wanafunzi themanini wanasimama juani. Muongozaji anakariri: alizaliwa mwaka fulani, alifika mwaka fulani, alikufa mwaka fulani. Wanaandika. Ndani kuna maandishi marefu, sehemu kwa Kiingereza, herufi ndogo, wanayanakili yote kwenye madaftari kwa sababu wamezoea kunakili ubao. Dakika arobaini wamegeuka mashine ya fotokopi. Njiani kurudi nawauliza mmejifunza nini, wanataja soda.

Hapo simlaumu muongozaji. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kwamba kazi ni kumwaga taarifa. Kuna Mmarekani, Freeman Tilden, mwandishi wa habari aliyefanya kazi na hifadhi za taifa za kwao, mwaka 1957 aliweka kanuni sita za kazi hii. Mbili nazitumia hata darasani. Ya kwanza, kwamba lengo si kumfundisha mgeni bali kumchokoza afikiri. Ya pili, kwamba habari ya watoto isiwe ya wakubwa iliyopunguzwa maji, iwe na njia yake kabisa.

Nilijaribu. Badala ya mwaka wa kufika, niliwapa vijana gunia la kilo thelathini, nikawaambia kila mmoja alibebe kuzunguka uwanja mara moja, halafu nikawauliza: ungedai malipo gani kulifikisha Bagamoyo? Walibishana mpaka kengele ikalia. Mmoja akauliza kama mwenye mzigo akifa njiani posho inalipwa na nani. Hilo swali, Mpagazi, lina jibu?

---

Mpagazi Mstaafu

Mwalimu, shikamoo kwanza, maana umenifanyia kazi yangu bila malipo.

Jibu liko Kwihara, kilometa chache tu kutoka darasani kwako. Tembe lile ndilo walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri watu aliotumiwa. Wakaja zaidi ya hamsini, akaondoka nao kuelekea kusini. Mei 1873 akafia kwa Chitambo, leo ni Zambia. Mwenye mzigo amekufa, bwana mlipaji hayupo, na ni miezi ya safari mpaka pwani. Wangeweza kutawanyika. Wakaamua kuuzika moyo wake chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaubeba zaidi ya kilometa 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Na walipita Kwihara! Pale walimkuta Cameron, ofisa wa Kiingereza aliyetumwa kumtafuta huyo huyo Livingstone. Akawashauri mzikeni hapa hapa Unyanyembe (ndiyo nchi hii ya Tabora), njia ni hatari. Wakakataa. Mbele huko wenyeji walipogoma maiti isipite, wakaifunga upya ionekane robota la vitambaa, wakapita.

Sasa niambie, kwenye tembe lile ni tukio gani kubwa: kwamba Wazungu wawili walikunywa chai pale, au kwamba wapagazi waliokuwa hawana mlipaji walisimama mbele ya ofisa wa Uingereza wakamwambia hapana? Ukiamua ni hili la pili, chumba kimoja tu kinatosha. Mgeni anaingia, anaelezwa hali ilivyo, anaulizwa: wewe ungezika au ungebeba? Halafu ndipo anaambiwa walichofanya. Gharama yake ni rangi, mbao na muongozaji aliyefundwa vizuri.

---

Mwana wa Mirambo

Mwangaluka. Nimesubiri muone Tabora ina watu wengine lakini naona mnazunguka na maiti ya Mskoti tu. Hata mkimgeuza vipi, bado ni yeye katikati. Mirambo wa Urambo yuko wapi? Mtu aliyewatetemesha Waarabu wa Unyanyembe, mwaka 1871 huyo huyo akaifunga njia, Stanley akajiunga nao vitani wakapigwa wakakimbia. Ndiyo sababu alizunguka kusini kufika Ujiji! Isike, mtemi wa Unyanyembe, je? Januari 1893 Wajerumani walipoivunja ngome yake alijilipua kwa baruti kuliko kushikwa. Halafu mkutano wa TANU wa Januari 1958, kura tatu (kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu), uamuzi ulioamua nchi hii ipate uhuru kwa njia gani, ulifanyika hapa hapa Tabora. Nyerere kasoma hapa, kafundisha hapa. Hayo yote mnayaacha?

---

Boti la Usiku

Na Kigoma mmesahau Liemba. Meli ya Wajerumani, imeundwa Papenburg 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa masandukuni mpaka Dar, reli mpaka Kigoma, ikaungwa upya. 1916 wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina hili la Liemba. Na Che Guevara kapita Kigoma 1965 kwenda Congo, kashindwa, karudi kwa njia hiyo hiyo. Wekeni chumba cha Che, vijana watajaa.

---

Mpagazi Mstaafu

Hapa ndipo makumbusho mengi yanapofia. Siyo kwa kukosa historia, kwa kuwa nayo nyingi. Kila mjumbe wa kikao ana shujaa wake, ili asikasirike mtu kila shujaa anapewa futi mbili za ukuta, na mgeni anatoka hajui alikuwa anaangalia nini. Beverly Serrell, mtaalamu wa Marekani aliyeandika sana kuhusu maandishi ya maonesho, anadai kila onesho liwe na wazo kuu moja linaloandikika kwa sentensi moja kamili, yenye mtenda, tendo na sababu ya mtu kujali. Kisichoingia kwenye sentensi hiyo kinangoja onesho jingine.

Yangu ya Kwihara na Ujiji ninaijaribisha hivi: "Wapagazi wa njia ya kati waliifungua nchi hii kwa mabega yao, na waliokuwa na bunduki na fedha waliwahitaji wapagazi kuliko wapagazi walivyowahitaji wao."

Mwana wa Mirambo, jaribu wa kwako hapo. Mirambo anaingia mzima mzima, kwa sababu aliyeishika njia ndiye aliyeishika nchi. Na umesema kweli, safari ya Stanley haieleweki bila yeye. Bango la kwanza la Ujiji linaweza kuwa: kwa nini Stanley alipita porini? Kwa sababu ya Mirambo. Isike anaingia ukingoni, maana ngome ile ilikuwa juu ya njia. 1958 haiingii, na siyo dharau. Ni habari kubwa inayostahili nyumba yake, mjini, siyo kona ya tembe la Kwihara. Liemba inaingia kwa mlango wa nyuma: reli ilipofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kazi ya mpagazi ikaanza kufa na Ujiji ikaanza kupungua mbele ya Kigoma. Meli iliyosafiri masandukuni kwa treni ni mwisho mzuri wa onesho. Che, ndugu yangu, hapana. Labda kwenye kuta za mgahawa.

---

Mgebuka77

Hapo kwa Mirambo umenipata. Hiyo ya Stanley kuzunguka kwa kuogopa njia nikiwaambia wageni wangu botini watacheka mpaka Gombe. Lakini bado, pesa?

---

Mtumishi Kimya

Naomba nisijitambulishe. Nipo ndani ya sekta, siyo mikoa hiyo. Nimesoma uzi wote, yote mnayosema ni kweli na hayatekelezeki, nieleze kwa nini.

Mpango mkakati hauandikwi kwa ajili ya mgeni. Unaandikwa kwa ajili ya mkaguzi na mfadhili. Muundo unakuja umeshapangwa: dira, dhima, uchambuzi wa nguvu na udhaifu, malengo, viashiria. Wiki tatu za warsha, posho zinalipwa (hizi nazo ni posho, mkuu wapagazi), kitabu kinachapwa rangi, kinaingia kabatini. Kiashiria kikubwa ni idadi ya wageni na makusanyo. Hakuna mahali pa kuandika "mwanafunzi aliuliza swali gumu". Mimi nikibadilisha simulizi, kwenye taarifa ya robo mwaka nasema nini?

---

Mpagazi Mstaafu

Asante kwa kusema, mkuu. Hilo nimeliona tangu naanza kazi hii.

Mimi ninavyofanya: siwaambii waache muundo wa serikali. Nawaambia kabla ya kuujaza, ukurasa mmoja. Wenye sentensi ile ya wazo kuu. Watu gani watatu tunawataka kwanza (kwa Ujiji ningesema: wakazi wa mji, wanafunzi, kisha watalii, kwa mpangilio huo). Mambo manne tutakayofanya. Na mambo tutakayoyaacha. Hili la mwisho ndilo gumu. Taasisi zetu hazina utamaduni wa kuandika tutaacha nini, kwa hiyo kila mwaka kazi zinaongezeka juu ya watu wale wale wanne. Ukurasa huo ukikubalika, muundo mrefu unajazwa kutoka humo na lugha ya viashiria unaipata. Mwaka wa kwanza "shule ngapi za mjini zimerudi mara ya pili" inahesabika vizuri tu, na mkaguzi ataisoma. Inasema mengi kuliko jumla ya wageni, kwa sababu shule huletwa mara ya kwanza na ratiba, mara ya pili inaletwa na mwalimu.

Na una kinga. Mwaka 2022 baraza la makumbusho la kimataifa, ICOM, lilipitisha Prague fasili mpya ya makumbusho. Ndani yake mna ushiriki wa jamii, ujumuishi, uanuwai. Ukiulizwa kwa nini umewaita wazee wa Kasimbu kikaoni kabla ya mkandarasi wa uzio, taja hiyo.

Mgebuka, pesa: jaribio halihitaji pesa. Andika bango kwa karatasi ya A4, libandike kwa gundi ya karatasi, simama pembeni ujifanye unafagia. Angalia nani anasoma, anaishia wapi, anamgeukia mwenzake wapi. Kesho rekebisha. Ukishajua linafanya kazi ndipo ulipeleke kwa fundi.

---

Fundi Mabango Mwanga

Mimi ndiye fundi wanayempelekea. Wakuu, nawaomba kwa niaba ya macho ya watu: mnaniletea ukurasa mzima wa maneno mia nne mnasema kiweke kwenye futi mbili. Herufi zinakuwa kama chawa. Maneno hamsini, sitini basi. Kiswahili juu, Kiingereza chini. Na msichape kwenye plastiki ile inayong'aa, jua la Kigoma likipiga haisomeki na mwaka haumalizi.

---

Bint Kasimbu

Basi tujaribu hapa hapa, tuache maneno. Mimi namtaka Halima. Nimeandika hivi:

"HALIMA, MPISHI. Mwaka 1871 wageni walifika ghafla na nyumbani hapakuwa na kitu. Bwana wake alikuwa mgonjwa, mali yake imeuzwa. Halima alichungulia kutoka jikoni akawahesabu. Majirani wa Ujiji walileta wali, mbuzi na kuku. Miaka miwili baadaye aliifuata maiti ya bwana wake hadi pwani. Je, unadhani alilipwa?"

---

Mwalimu wa Isevya

Binti, hongera. Ila "bwana wake" inaonesha kama alikuwa mumewe au mmiliki wake, wanafunzi wangu wataniuliza hapo. Weka "Livingstone". Na swali la mwisho libaki, jibu liwe nyuma ya kibao cha kufunua.

---

Mpagazi Mstaafu

Nakubaliana na mwalimu. Na jibu lipo: Horace Waller, aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, aliandika tanbihi kwamba Halima aliifuata maiti mpaka Zanzibar, na kwamba inasikitisha utumishi wake wa muda mrefu umebaki bila malipo. Hilo liende nyuma ya kibao, maneno ishirini tu.

---

Fundi Mabango Mwanga

Nimehesabu la binti, hata hamsini halifiki. Linatosha futi moja na nusu. La kwanza nitachapa bure, la majaribio, ila la pili mnalipa.

---

Mgebuka77

Nikopieni na mimi kwenye karatasi, nilibandike botini nione wageni wanasemaje. Halafu Bombay nani anamwandika? Mimi namwanza, mtanirekebisha: "Nilishafika hapa kabla yake."